Ukucha Mmoja

Tatsuo, umenipigia simu kutoka Bremen:
nichague kimoja, cha pili nikutumie kwa posta.
Nimevitoa. Viko juu ya gazeti, ubavu kwa ubavu,
na chai yangu imeshapoa.

Hiki cha Bibi Hiltrud, cha Solingen,
ni kifupi kama kidole cha shahada,
kimepinda ncha kama mdomo wa kasuku,
chuma cheusi, madoa ya vitunguu juu ya madoa.
Mpini umelika pale penye gumba.
Alikinunua kwa bei ya mkate na nusu,
akakiosha pamoja na vijiko, akakitupa drooni,
na hakikuwahi kununa.
Ubao? Bibi hakujua ubao.
Kiazi kiganjani, makali yakija kwake,
gumba likiyangoja kama mtu anayengoja mgeni anayemjua,
na ganda likishuka ndooni, utepe mmoja,
yeye macho yako dirishani, masikio redioni.

Na hiki cha Mama, cha Sakai.
Ukikishika unadhani hujashika kitu.
Makali huyaoni mpaka uyaelekeze kwenye taa:
uzi wa mwanga, basi.
Alikifuta kila baada ya limau,
akakilaza kwenye kitambaa, peke yake,
na Jumapili, kinoo kikishakunywa maji ya kutosha,
alikinoa kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto:
shii, shii, shii.
Kitunguu hakikujua kimekatwa.
Machozi tuliyaona zamu ya Bibi tu.

Unalikumbuka kopo la haradali?
Wewe sita, mimi tisa.
Kifuniko kiligoma, Bibi akachukua kilicho karibu,
akakizungusha kama azungushavyo chake,
kikakatika ka!
Kipande cha ncha, punje ya mchele,
kikarukia chini ya jiko.
"Chuma gani hiki," alisema, "kisichojua kupinda?"
Mama hakujibu. Alipiga magoti na tochi.
Siku kumi na moja nyumba ile ilizungumza kupitia sisi:
mwambie bibi yako chumvi, mwambie mama yako asante.

Siku ya kumi na mbili niliamka kwenda chooni
nikamkuta Bibi jikoni, gizagiza bado,
Bibi, binti wa mnoaji,
ambaye baba yake alikufa na vumbi la jiwe mapafuni,
ambaye siku zote alisema kisu ni kisu,
amekiinamia kinoo cha Mama, mikono ina matope ya kijivu,
anapima kwa ukucha, anasukuma, anapima tena.
Alipata ncha mpya. Kisu kilipungua.
Kipime: upana wa ukucha, mpaka leo.
Mama alikitazama, akakifuta, akakilaza.
Kisha akamenya viazi vya mchana ule
kwa kile cha kasuku, vibaya sana,
maganda manene kama ngozi ya kiatu,
na Bibi akala bila kusema neno, jambo ambalo kwake
lilikuwa gumu kuliko kunoa.

Husemwa mwenye kisu kikali ndiye mla nyama.
Nyama kwetu ilikuwa ya sikukuu.
Tulikula figili, viazi, matofaa ya uani kwa jirani.

Jana ulipokata simu nikachukua tofaa
na kisu cha Mama, kwa kuwa ndicho kilichokuwa juu.
Mkono ukafanya ulichofundishwa na Bibi:
tofaa kiganjani, makali kuja kwangu,
gumba likingoja.
Kile hakina habari za kungojwa.
Sikuhisi kitu. Niliona tu wekundu
ukipita kwenye weupe wa tofaa, taratibu,
nikasimama pale kama mjinga, nimenyanyua gumba,
nikisikia wawili wale wakigombana kiganjani mwangu,
kila mmoja kwa lugha yake.

Nakuandikia na plasta.
Posta hufungwa saa kumi na mbili.
Boksi liko wazi mezani, lina karatasi tu.